Tulivyopanga mihadhara kwa mbalamwezi

Mhadhara wa kwanza ulihudhuriwa na watu 19, na 15 kati yao walikuwa wanafunzi wangu. Nilikuwa nimeandaa mihadhara minne ya wazi kuhusu sangara, katika ukumbi mdogo hapa Kirumba, Mwanza, karibu kabisa na Mwaloni, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria, ili wanaoishi kwa samaki wakutane na wanaoandika juu yake. Hakutokea mvuvi hata mmoja, wala mchuuzi.

Kesho yake asubuhi nilishuka Mwaloni. Mzee mmoja fundi mitumbwi aliitikia shikamoo yangu, akaniambia, "Mwalimu, umetuita wakati wa giza. Giza watu wako ziwani." Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti tena, hapo ndipo watu hukaa nchi kavu na kushona nyavu. Mimi nafundisha sosholojia, na tarehe nilizitoa kwenye ratiba ya chuo! Lilinikera sana jambo hilo. Mihadhara iliyobaki nikaisogeza yote kwenye mwezi mpevu.

Nilibadili na namna ya kuzungumza. Nikawaomba wahadhiri wamgawane sangara kama anavyogawanywa sokoni, kila mmoja aanzie kwenye fungu lake, nadharia ije baadaye. Mwanahistoria akachukua samaki mzima: sangara si mwenyeji, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Wazee wakaanza kutaja furu waliokula utotoni, jina baada ya jina, na tukawaacha waendelee. Mwanasayansi ya siasa alipewa bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, ambalo kilo yake inaipita bei ya minofu mbali sana. Mwanaanthropolojia akapewa panki, ule mfupa na kichwa unaobaki kiwandani minofu ikishatolewa.

Minofu ilikuwa ya mchumi. Alieleza jinsi Umoja wa Ulaya ulivyozuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia kwake mwaka 1999, na hasara iliyofuata. Ukumbi ulikuwa umejaa, wengine wamesimama dirishani. Mama mmoja mkaanga mapanki akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hasara ya nani? Mwaka huo ndio wanangu walikula sangara mwenye nyama."

Mchumi alinyamaza kidogo, kisha akamwomba arudie, akaandika. Wenye mitumbwi wakampinga mama: wao walikwama na madeni ya nyavu na injini. Mwanaanthropolojia akauliza nani ndani ya nyumba alikuwa akiamua samaki yupi auzwe na yupi apikwe. Tulifunga saa nne usiku, mlinzi akiwa ameshika funguo mlangoni. Kwangu mimi, mjadala ule ndio uliokuwa sayansi ya jamii.

Mhadhara wa mwisho mama yule aliketi meza ya mbele pamoja na mchumi, naye ndiye aliyeanza kuzungumza. Sasa tunaandaa mfululizo wa dagaa. Tarehe nimemwachia yule mzee fundi mitumbwi azipange.