Datsun 240Z: oili bado inadondoka, ila sasa najua inatoka wapi

Wiki ya sita ya kusaka uvujaji huu. Kadibodi niliyotandika chini ya gari jana usiku ina matone mawili tu, kubwa lao kama sarafu ya shilingi ishirini. Mwezi uliopita ilikuwa inaloa chapachapa, naitupa kila asubuhi.

Gari ni 240Z ya 1972, injini yake ni ile ile ya L24, silinda sita mstari mmoja, ujazo wa cc 2393. Nikiliegesha popote Nairobi hakosi mzee wa kuanza hadithi za Safari Rally: 1971 alishinda Edgar Herrmann, 1973 Shekhar Mehta, wote kwa 240Z. Mimi huitikia tu, maana hili langu hata Thika lilikuwa halifiki bila lita mbili za oili ya akiba kwenye buti.

Aibu kwanza. Gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nimeibadilisha mara mbili bure. Sampu ilikuwa imeloa, nikaamini ndiyo inayovuja, na mara ya pili nikaipaka silikoni kama mtu anayepaka siagi mkate. Fundi mzee ninayekutana naye Kirinyaga Road nikitafuta spea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana, oili haipandi mlima. Anza juu."

Nikaosha injini yote kwa dizeli na brashi, nikaisuuza kwa maji ya sabuni, nikaiacha ikauke kabisa. Halafu nikainyunyizia poda ya mtoto. Mke wangu alipotoka nje akaiona nyeupe hivyo, akarudi ndani bila kuuliza. Nikaiwasha dakika ishirini, nikamulika kwa tochi. Mistari mitatu myeusi ilikuwa imejichora kwenye ule weupe: mmoja kutoka kona ya nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), wa pili chini ya pampu ya petroli iliyo ubavuni mwa silinda hedi kwa mbele, wa tatu kwenye swichi ya presha ya oili, jirani na filta. Yote mitatu ilikuwa inateremka kuelekea sampu.

Swichi ilikuwa inavuja kwa ndani, oili imejaa mpaka kwenye plagi ya waya. Hiyo ni ya kutupa. Pampu ya petroli ilitaka gasketi tu. Tapeti kava ndiyo iliyonipa kazi: mtu aliyetangulia alikaza bolti kwa hasira hadi gasketi ya koki ikatawanyika na kingo za kava zikapinda. Niliilaza juu ya kioo, mwanga ukapita chini yake. Nikaisugua kwa msasa uliolazwa kwenye kioo hicho hicho, jioni nzima, mpaka mwanga ukakata. Kufunga, nimeanza bolti za kati nikielekea pembeni, spana ndogo, kwa nguvu ya vidole tu.

Lakini kilichokuwa kinasukuma oili itafute njia kilikuwa kwingine. Nilipofungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwaka, moshi ulinipuliza usoni. Nikafungua vali ya pumzi iliyo chini ya manifoldi, ile inayovuta hewa chafu ya injini irudi ikaungue. Ukiitikisa inatakiwa igonge ndani. Yangu ilikuwa kimya, imejaa uchafu mzito kama lami. Presha ikikosa pa kutokea, hata sili nzima, ule mpira wa kuzuia oili, itavuja. Nimeweka vali mpya na mpira wake.

Matone mawili yaliyobaki yanatoka pale injini inapoungana na giaboksi. Nimeyanusa: hayana ile harufu ya kiberiti ya oili ya gia, kwa hiyo ni sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Kuifikia ni kushusha giaboksi, klachi na fluwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Klachi bado inashika vizuri, siishushi leo. Sili nimeshanunua, pamoja na vile vipande viwili vya pembeni vya kofia ya beringi ya nyuma, viko kwenye droo. Kadibodi inaendelea na kazi.