Pima moja na dhiraa

Haya jamani, mdogo wangu wa Kitogani kanipigia tena jana usiku, salamu hata hazijesha anauliza "yule joka kafika wapi?", basi leo naandika kisa chote hapa mara moja maana kila nikizungumza na nyumbani siulizwi tena kazi wala baridi, naulizwa nyoka.

Mie nipo Leicester, Uingereza, mwaka wa sita huu. Nyumba nilopanga tunakaa watu watatu, kila mtu chumba chake, jiko na choo tunachangia. Chumba cha mbele kuna kijana wa Kizungu, mpole, takataka anatoa bila kuambiwa, kodi analipa kwa wakati, ila anafuga nyoka. Boa. Wale wa Marekani ya Kati na Kusini, hawana sumu, wanabana kama chatu wetu. Na hapa kumfuga hata leseni hahitaji, wallahi nilidhani ananitania mpaka nikaenda kutafuta mwenyewe.

Siku ya kwanza nilomuona alikuwa kajizungusha mkononi kwa mwenyewe kama bangili, shubiri mbili na kitu, unene wa kidole gumba. Ndo wanavyozaliwa hivo, na wanazaliwa kweli, mama hatagi mayai kama chatu, anatoa watoto wazima, ishirini thalathini kwa mara moja. Nikauliza anakua mpaka wapi huyu? Akanambia futi tano, ikizidi sita, kwa sababu dukani wamemwambia dume. Nikaona sawa, mie mwenyewe futi tano na inchi saba, tutalingana.

Mwaka wa kwanza akafika futi nne. Wa pili tano na nusu. Pale ndo nikaanza kufunga mlango wangu kwa ufunguo usiku.

Sasa mwaka wa tatu akaingia utitiri, akapelekwa kwa daktari wa wanyama, nikaenda nao kwa sababu mie ndo mwenye gari. Boa ana vikucha viwili vidogo chini karibu na mkia, mabaki ya miguu ya zamani, dume vyake virefu, jike vifupi vimejificha. Daktari kamgeuza, katazama, kapima na kijiti chake, akasema bwana huyu jike. Yule kijana akanyamaza kimya. Maana jike ndo wakubwa kwenye hawa, dume anaishia futi sita, saba, nane kwa tabu, jike saba mpaka kumi. Kisha akaulizwa anamlisha nini, akasema panya mkubwa kila wiki, akagombezwa vizuri sana. Ukimshindilia boa mdogo anarefuka haraka lakini anajaa mafuta mpaka kwenye ini, anakufa mapema. Mtu mzima anatakiwa ale kila baada ya wiki mbili tatu, na panya mwenyewe asizidi ule unene wa kiwiliwili chake.

Njiani kurudi nikamwambia basi tumbakishe kwenye tangi lile lile dogo asikue, si ndo watu wanavosema? Akacheka. Nyoka hasikilizi kioo, anakula anakua, ukimbana anaumwa tu. Kinachopanga ukubwa ni jike au dume, anakula kiasi gani, na ukoo wake wa wapi. Kuna wale wa visiwa vidogo vya Honduras wanaishia futi nne tano tu, na kuna wa Suriname na Guyana ambao jike anapita nane bila wasiwasi. Wa kwetu hapa karatasi hazikusema ukoo, tukabaki kusubiri atuoneshe mwenyewe.

Kuanzia siku ile nikampa jina la Bi Mkubwa, na hapa nilikosea. Siku moja naongea na mama, simu iko spika, yule kijana anapita ukumbini namuuliza kwa Kiingereza changu "Bi Mkubwa kala leo?", akajibu kala panya wawili. Mama Kiingereza anakisikia kidogo, cha skuli ya zamani, lakini "Bi Mkubwa" na "rat" alivipata vizuri. Nyumbani mie namwita yeye Bi Mkubwa. Nilijieleza dakika arobaini.

Tokea hapo ndo akawa anafuatilia. Na futi hataki, anataka pima, ile ya mikono miwili ikinyooshwa. "Nambie kwa pima, mwanangu, futi za Wazungu sizijui." Basi mwaka jana mwezi wa pili nikakuta kwenye pipa la taka gamba zima limevuliwa, limetoka bila kukatika, nikaliokota na glavu nikalitandaza ukumbini nikanyoosha mikono. Pima moja na nusu! Futi tisa! Nikapiga simu nyumbani hapo hapo, mtaa mzima ukajua, mjomba akatuma ujumbe nihame.

Kumbe gamba linavutika. Likiwa bichi linatanuka kama soksi, linampita nyoka mwenyewe kwa sehemu kubwa tu. Tukampima sawasawa jioni ile, na nataka mjue ilikuwaje, maana nyoka hanyooki kama ngazi. Yule kijana kamshika kwa kati, mie nimeshika kamba, nafuata uti wa mgongo kutoka puani, kila nikifika kwenye kipindo anajikunja upande mwengine, natia alama na wino naanza tena. Ngozi kavu, ya baridi kidogo, laini kuliko nilivodhani, na chini yake unahisi nyama inatembea peke yake, kama unashika mkono wa mtu anayebeba gunia. Mara ya kwanza tulipata futi saba, ya pili nane, ya tatu saba na nusu, na ya nne pia saba na nusu, tukaacha. Kilo nane. Pima moja na dhiraa moja, yaani futi sita na moja na nusu juu yake, nikamwambia mama, akasema "umenitia presha kwa dhiraa moja ya bure".

Dhiraa moja, ndio, hesabu zake hazikosei.

Video mnazonitumia za boa futi kumi na nane, nawaombeni muache. Vitabu vyenyewe vilikuwa na mmoja wa futi 18 na nusu kwa miaka mingi, baadae wakaja kugundua hakuwa boa huyu, alikuwa nyoka mwengine, yule anayeitwa anakonda. Na chatu wetu wa msitu wa Jozani anampita huyu mbali, mita nne tano si ajabu kwake, kwa hiyo mnaoniogopea mie wakati kuku wenu wanalala uwani bila banda, jitazameni kwanza.

Mie joka halinikeri kama yale yanayokuja nalo. Friza tunachangia, na panya wake wanauzwa wamegandishwa, wapo kwenye mfuko pale pembeni ya pweza wangu. Nimenunua friza yangu ndogo nimeiweka chumbani, inanguruma usiku kucha. Halafu joto. Mwenye nyumba anazima hita saa nne usiku, mie nalala na soksi mbili na koti, na kwenye kabati la Bi Mkubwa, futi sita kwa mbili, taa inawaka nyuzi 31. Nyuzi 31 jamani, hiyo si ndo Darajani saa saba mchana? Nyoka anaishi Unguja, mie niliyezaliwa Unguja naishi kwenye friza.

Juzi yule kijana kanambia anahama mwezi wa nne, kapata kazi mji mwengine, na kule nyumba alopata hawataki wanyama. Ana miaka ishirini na sita, Bi Mkubwa mitano. Hawa wanakaa miaka ishirini, thalathini, kuna mmoja wa bustani ya wanyama ya Philadelphia alifika arobaini akafa 1977. Dukani hawamrudishi, wanaotaka kuchukua boa mkubwa ni wachache kuliko wanaonunua bangili. Akanitazama, akaniuliza mie siwezi kukaa naye japo miezi michache.

Nikamwambia ngoja nimuulize mama.

Mama kauliza kabati lina kufuli? Nikasema linalo. Akauliza umeme wa ile taa atalipa nani. Hapo ndo tulipofika, yule kijana bado hajanijibu.