Fedha ikiwa kidogo, ianzie kwenye karatasi

Mimi huchora jioni na siku za mapumziko, hapa Moshi, na fedha ninayoitenga kwa ajili ya uchoraji ni ile inayosalia baada ya kodi ya nyumba, ada na luku. Kwa sababu hiyo, kila ninapopata vifaa vipya huvijaribu kimoja baada ya kingine, ili nijue kipi kinastahili shilingi yangu na kipi kinapendeza kikiwa bado kwenye kabati la dukani tu. Safari hii nilikuwa na rangi za maji, brashi na karatasi za aina tatu, na msimamo nilioufikia ni kwamba asiyeweza kununua vyote vizuri kwa pamoja anunue kwanza karatasi nzuri.

Maduka ya vifaa vya shule ya hapa mjini huuza karatasi mbili ambazo wengi wetu huanza nazo: ile nyeupe ya kuchapia, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na manila. Ya tatu, karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, niliiagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi. Kwenye zote nilichora kitu kilekile, yaani anga la asubuhi nyuma ya Kibo, ambalo huwa la buluu iliyokolea juu na kupauka kadiri linavyoshuka kuelekea kwenye theluji. Kwenye karatasi ya gramu 80 maji yalinywewa papo hapo, karatasi ikajikunja mawimbi mawimbi, na rangi ikatuama kwenye mabonde na kukaukia humo kwa michirizi. Nilipopitisha brashi mara ya pili, uso wake ulianza kuchambuka vinyuzinyuzi. Manila ilistahimili zaidi, ingawa kila rangi ilipokaukia iliacha ukingo mkali ambao anga halina. Karatasi ya gramu 300 ilitulia mezani, rangi ikabaki majimaji kwa muda wa kutosha kuisogeza, na hata ilipokwisha kukauka niliweza kuilowesha tena kwa brashi safi na kuifyonza kwa kitambaa mpaka likatokea wingu.

Tofauti hiyo haitokani na unene peke yake. Karatasi ya rangi za maji hutiwa gelatini au kitu kingine kinachoizuia isinywe maji upesi, na zile za daraja la juu hutengenezwa kwa nyuzi za pamba badala ya massa ya miti. Yangu si ya pamba, kwani bei ya hiyo bado naitazama kwa mbali. Hata hivyo, karatasi moja ya A3 ukiikata unapata vipande vinane vya A6, ukubwa wa kadi ya posta, na hapo gharama ya mchoro mmoja inakuwa ya kuvumilika.

Sisemi kwamba vifaa vya bei ndogo havifai. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na ule mng'ao wa rangi zake umetokana na vifaa hivyohivyo. Lakini rangi ile haihitaji kunywewa na kitu chochote, wakati rangi ya maji karibu kazi yake yote inaamuliwa na karatasi.

Kwa upande wa rangi, boksi langu la wanafunzi lenye rangi 12 limenitosha kuliko nilivyotarajia. Nyeusi siigusi, kwa kuwa buluu ya altramarini ikichanganywa na kahawia ya siena iliyochomwa hutoa kijivu kizuri zaidi cha miamba ya Mawenzi. Tatizo ni nyekundu. Mijakaranda inapochanua mwishoni mwa mwaka nahitaji zambarau safi, na nyekundu ya boksi hili, inayoelekea kwenye rangi ya chungwa, ikikutana na buluu huzaa kitu cha kahawia kama maji ya kuoshea viatu.

Brashi nilijaribu kwa haraka: unailowesha, unaikung'uta mara moja, na ikirudisha ncha yake yenyewe, inafaa. Ya nyuzi za kutengenezwa, namba 8, ilipita. Zile zilizokuja na boksi zilitawanyika. Utepe wa karatasi ambao mafundi rangi hutumia kukinga kingo za milango, unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hushikilia karatasi ubaoni vizuri kabisa, mradi usubiri mchoro ukauke na uubandue taratibu.

Lililobaki ni jua, ambalo hapa kwetu halina huruma. Nimepaka kila rangi kwenye ukanda mmoja wa karatasi, nikafunika nusu yake kwa kadibodi na kuubandika dirishani, ili baada ya miezi kadhaa nione zipi zimepauka. Boksi la wanafunzi halionyeshi msimbo wa rangi ghafi, yaani ule unga unaoipa rangi rangi yake, ilhali tyubu nyingi za rangi bora huuandika, na mtu huweza kujua anachonunua: PB29 ni altramarini, ambayo hudumu, na PR83 ni alizarini, nyekundu inayojulikana kwa kupauka kwenye mwanga. Kwa hiyo boksi jingine silinunui. Nitanunua tyubu moja tu ya nyekundu yenye msimbo PV19, yaani kwinakridoni, inayoelekea kwenye waridi na isiyopauka upesi, na fedha itakayobaki itaingia kwenye karatasi.