Pishi ya Carina

Mama ndiye aliyeisikia kabla yangu. Alikuwa amekaa mbele, pakacha la machungwa baina ya miguu, kanga ameivuta usoni kwa sababu mwanga ulikuwa ukimuumiza. "Kuna kitu kimekatika," akasema. Mimi mguu wangu ulikuwa bado umekanyaga mafuta.

Ilikuwa Agosti 2016, punde baada ya alfajiri, kwenye kilima kabla ya kufika Mtambile, njia ya Chake kwenda Mkoani, kisiwani Pemba. Boti ya Unguja ilikuwa ikiondoka asubuhi ile. Mama alikuwa na siku yake hospitali ya Mnazi Mmoja, ya kutolewa mtoto wa jicho, siku aliyoingoja miezi minne. Dada yangu mdogo alikaa nyuma na mizigo, akimsindikiza.

Gari haikupiga kelele. Ilitoa mlio mmoja, kama mtu aliyevunja kijiti juu ya goti, kisha injini ikanyamaza. Taa nyekundu zikawaka kwenye dashibodi, usukani ukawa mzito. Nikaiacha irudi nyuma taratibu mpaka pembeni. Nilipojaribu kuiwasha, stata ilizunguka mbio, nyepesi, haishiki, kama cherehani inayokwenda bila kitambaa. Leo naijua maana ya wepesi ule. Siku ile nilidhani mafuta hayafiki.

Wachumaji wa karafuu walikuwa wakipita na kamba zao na mapakacha, wakaja kusukuma. Wapi. Dereva mmoja wa Toyota Carina akasimama, akanifungulia boneti, akaangalia vifuniko vya plastiki upande hata upande. Mkono wake ulikuwa umezoea kujua pa kwenda, na hapa haukuwa na pa kwenda. "Samahani yakhe," akanambia, "hii siijui."

Halafu ikaja 603, gari ya abiria ya njia ile, imejaa. Konda akateremka, akamshika Mama mkono, watu wakasogea wakampa nafasi. Nilimbebea pakacha lake mpaka mlangoni.

"Baki na gari yako, mwanangu," akasema. "Mimi ntafika."

Alisema kwa upole, wala hakuwa na nia ya kunichoma. Lakini gari ile niliitaka kwa ajili yake. Nilitaka mama yangu asipande tena gari za abiria akipapasa ngazi kwa unyayo, na siku ya safari iliyokuwa kubwa kwake kuliko zote ndiyo siku niliyompandisha gari ya abiria kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaisikiliza 603 ikipanda kilima mpaka mlio ukapotea. Saa moja baadaye dada akanipigia: wamewahi boti.

Gari yenyewe ilikuwa Volkswagen Golf, ya Kijerumani, ya mwaka 2001, kizazi cha nne, buluu iliyokoza, ile ndogo yenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake. Mwana wa ami yangu aliitumia Uingereza miaka mingi, kisha akaipakia kwenye kontena pamoja na friji na magodoro, akitumai atarudi kuishi kwao. Hakurudi. Ikakaa Unguja karibu mwaka mzima chini ya turubali, mwisho akanambia niichukue, nimlipe kidogo kidogo. Ikavuka kwa meli ya magari, nikaipokea Mkoani, nikaiendesha hadi Chake usiku, vioo wazi.

Naisema kweli: niliipenda. Nilikuwa nimeshaendesha gari nyingi za Kijapani za watu, Starlet ya mkwe wangu, Vitz ya mwalimu mwenzangu, Noah za harusi. Hakuna hata moja iliyofunga mlango kwa mlio ule mzito, kama sanduku la msaji. Kona za njia ya Mkoani iliziingia imetulia, hailali upande. Na bati lake! Sisi tunaishi na chumvi. Corolla ya jirani yangu ilikuwa imeliwa chini ya milango hata unapitisha kidole. Golf za kizazi kile bati la bodi zima lilipakwa zinki kiwandani, na hii, baada ya miaka 15, niliingia chini yake na tochi nisione kutu ya kutisha. Kila Ijumaa nikiiosha, nikipitisha kitambaa kwenye kingo za milango, nilikuwa nikijiambia nimepata gari ya kuzeeka nayo.

Watu walinionya. Si wabaya, walinitakia kheri. Mjomba wangu alisema neno ambalo sikulitia maanani: gari ya kisiwani ni ile ambayo na mwenzako anayo. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, na ukaguzi wa lazima wa huko hufanya gari ikishakuwa na umri iwe ghali kuiweka, basi wanaziuza nje zikiwa bado nzima. Ndiyo zinazojaa kwetu. Ukiharibikiwa taa ya Vitz Konde, kuna mtu Wete ana Vitz iliyogongwa nyuma, na taa za mbele zimebaki. Fundi akiulizwa kitu haangalii kitabu, anaangalia mkono wake. Hayo yote niliyajua, ila niliyaona kama mambo ya spea tu, na spea, nilisema, pesa itazileta.

Pikapu iliyotoka kupeleka magunia ya karafuu ndiyo iliyonivuta hadi Chake. Dereva alikataa pesa. Mwendo ule wote niliendesha gari isiyo na injini nyuma ya harufu ya karafuu, macho kwenye kamba.

Fundi wangu alikuwa mtu mzima, mwenye gereji chini ya mwembe. Alifungua kifuniko cha pembeni cha injini, akachomoa mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, vilango vya hewa vya injini, zifunguke kwa wakati wake. Ulikuwa vipande viwili, meno yamenyofoka. "Mkanda tu, Maalim," akasema, na nilipumua. Akapiga picha kwa simu, ikatumwa kwa kijana wetu aliyekuwa Dar es Salaam, akazunguka maduka ya Gerezani. Mkanda ulifika siku ya tisa, mkononi mwa abiria wa boti.

Siku ya kufunga nilikwenda baada ya kusomesha. Alikuwepo na mzee mmoja anayependa kukaa pale gereji, akatuhadithia kwamba kabla ya Toyota watu walikuwa na Peugeot 404, ile iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Fundi wa zama zile, alisema, aliijua 404 ina nini kwa kuisikiliza tu ikipanda. Maneno yale yamenikaa. Ujuzi wa gari za Ulaya ulikuwepo hapa hapa, kwenye masikio ya watu, ukaondoka na gari zenyewe.

Fundi akafunga mkanda, akapanga alama, akaniambia niwashe. Stata ikazunguka vile vile, nyepesi. Akaniambia tena. Vile vile. Akazima redio. Akatoa plagi moja, akaweka kidole gumba juu ya tundu, akaniashiria nigeuze ufunguo. Akafanya hivyo kwenye tundu zote nne. Kisha akasimama, anafuta mikono kwa tambara kwa muda mrefu.

"Haina pumzi," akasema, yaani silinda hazikandamizi hewa. Hakuongeza neno.

Usiku ule, baada ya isha, nikasikia Vespa nje. Alikuja nyumbani, amevaa kanzu, na kifuniko cha plastiki cha injini amekifunga kwenye gazeti. Hakutaka chai. Alikaa kwenye baraza, akanieleza mambo yalivyo, kwa heshima, kama anayemweleza mfiwa.

Kwenye Carina yenye injini ya 5A, alisema, mkanda ukikatika injini inazima, basi. Baina ya valvu na pistoni mna nafasi, hazigusani. Unafunga mkanda mwingine, unaondoka. Amefanya hivyo mara nyingi hata hazihesabu. Kwenye hii ya kwangu, ya 1.4 yenye valvu 16, nafasi hiyo haimo. Mkanda ukikatika, valvu zilizokuwa wazi zinabaki zinaning'inia, na pistoni zinakuja juu zinazigonga. Alikuwa amempigia fundi mmoja Dar anayezijua gari za Kijerumani, na yule alimuuliza swali moja tu: umepima pumzi kabla hujafunga mkanda?

"Sikupima," akanambia. "Maalim, nilikupimia kwa pishi ya Carina. Nisamehe."

Akatoa bahasha, pesa yake ya ufundi, akaiweka juu ya baraza. Niliirudisha mfukoni mwake. Sikuwa na ukarimu wowote, ila nilikuwa nimekwishaanza kukiangalia kile kifuniko. Kilikuwa na kibandiko, maandishi ya kalamu yamefifia, na alikileta ili nimsomee Kiingereza chake.

Nilisoma. Mkanda umebadilishwa 2005, gari ikiwa na 31,204. Ubadilishwe tena baada ya maili 60,000 au miaka 5.

Maili.

Nikachukua tochi na ufunguo, nikamwambia twende, tukapanda Vespa yake hadi gereji. Nikaiwasha dashibodi: 96,412. Na pale pale kwenye dashibodi, kwa herufi ndogo, neno ambalo nilikuwa nikilitazama kila siku bila kulisoma. Gari ilitoka Uingereza, na kule wanahesabu kwa maili. Mwaka mzima nilikuwa nikijisifia kwa walimu wenzangu kwamba gari yangu haijafika hata laki moja. Nilikuwa nimepanga kabisa: wenye Toyota za mkanda wanabadilisha kwenye kilomita laki moja, na mimi nikifika hapo nitabadilisha. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mwanafunzi, chini ya taa ya gereji. Zaidi ya kilomita 155,000. Mkanda ulipitwa kwa maili elfu tano, na kwa umri ulipitwa miaka sita, na raba huzeeka hata gari ikilala.

"Basi tumepima pamoja, fundi," nikamwambia. Hakujibu, lakini aliniwekea mkono begani, na tulikaa vile kidogo tukiiangalia ile namba.

Gari haikuwa na kosa. Walioiunda waliandika la kuandika, na aliyeihudumia huko akabandika karatasi. Niliyeshindwa ni mimi niliyepewa kitu cha lugha nyingine nikakisoma kwa lugha yangu.

Kazi iliyofuata ilichukua wiki tatu. Kichwa cha injini kilipofunguliwa, valvu 12 kati ya 16 zilikuwa zimepinda. Bolti za kichwa hazikukubali spana za kawaida, tukaagiza ufunguo wake wa meno. Na bolti zenyewe hazirudiwi, zikishavutwa mara moja zimekwisha, jambo ambalo fundi safari hii aliuliza kabla hajazifunga. Mikanda yenyewe kumbe ni miwili, mkubwa, na mdogo uliofichika baina ya shafti mbili za juu. Hata maji ya rejeta yana namna yake, ya rangi ya waridi, si ya bomba. Kila kimoja kilikuwa safari ya boti. Jumla yake ilikuwa bei ya karibu kilo 40 za karafuu kavu, na zilikuwa karafuu kweli, za mikarafuu ya Mama, kwa sababu alipopata habari kule Unguja aliagiza ziuzwe. Niliona haya. Nilikubali.

Fundi alifanya kazi ile kwa namna ambayo sijamwona akifanya kabla wala baada. Kila alichokifungua alikipanga juu ya jamvi kwa mpango wake, na kila jioni alikuwa akimpigia yule wa Dar. Zile valvu zilizopinda hakuzitupa. Alizipigilia msumari kwenye shina la mwembe, zote 12, na mwanagenzi wake mpya akija humwonesha.

Ilipowaka, iliwaka mara moja. Alisikiliza kwa kitambo, sikio limeinama. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwenye karatasi, akaibandika mbele, juu ya dashibodi, mahali ambapo hakuna atakayeikosa.

Mama alirudi mwisho wa Septemba. Nilimpokea bandarini Mkoani kwa gari hiyo hiyo. Alikuwa na miwani myeusi, na daktari alimwambia asiiname wala asinyanyue kitu, basi dada alibeba hata mkoba wake. Alisita mlangoni, nikadhani anaogopa gari. Alikuwa akiangalia tu.

Tulipofika kwenye kile kilima cha Mtambile nilipunguza gia, na sikusema kitu, na yeye hakusema kitu. Halafu akavua miwani, akasogeza uso mbele. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na miaka miwili ya mwisho ilikuwa imemnyang'anya hata hicho.

"Mkan-da," akasoma. Akanyamaza, akaendelea. "Mkanda mpya. Septemba 2016. Maili elfu tisini na sita, mia nne na kumi na mbili." Akanigeukia. "Maili ndo nini, baba?"

Nikamweleza, mpaka tukafika Chake.