Siku niliyompeleka mama mkubwa kwenye Game of Thrones

Mwaka 2018 nilikuwa nasoma Glasgow, hela ya mawazo, na baridi ya Scotland ambayo hata April inakuwa bado haijakusamehe. Dada yangu, kwa vitabuni ni binamu ila tumekulia nyumba moja Tabora kwa hiyo hayo mambo ya binamu sisi hatunaga, alikuwa nesi Belfast na mwaka huo ndo akafanikiwa kumleta mama yake atembee kidogo. Mama yake ndo mama mkubwa wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa kuuliza maswali mpaka ukome mwenyewe. Likizo ya Pasaka nikapanda basi mpaka Cairnryan, nikaingia melini, masaa mawili na kitu ya maji nikatokea Belfast. Uzuri Ireland ya Kaskazini iko ndani ya Uingereza ileile, viza yangu ya mwanafunzi ikatosha. Ningetaka Dubrovnik kule Croatia walikoshutia King's Landing, mji mkuu wa kwenye Game of Thrones, ningeanza upya foleni ya viza na benki stetimenti yangu mnaijua ilivyo.

Sasa nisidanganye, kusalimia kulikuwepo, lakini kilichonivusha bahari ni Game of Thrones, ile sizoni ya tivi ya watu kugombea ufalme. Mi hiyo sizoni nimeijulia hosteli chuo Dar, jamaa mmoja ana laptop, flashi inazunguka vyumba vyote inarudi na virusi, mtu akikutangulia epsodi moja mnakaa hamuongei mpaka umfikie. HBO, kituo cha tivi cha Marekani, walianza kuirusha 2011 na muda wote huo makao ya kazi yalikuwa Belfast, kwenye jengo kubwa la zamani la kupakia rangi vipande vya meli, eneo lilelile walipoundia Titanic. Halafu 2018 ndo ulikuwa mwaka wa njaa, sizoni ya 7 imeisha Agosti 2017 na ya 8 tukaja kuiona April 2019. Dada alinipitisha pale siku niliyofika, ukisimama barabarani unaona kuta za mji wa bandia walioujenga kwa ajili ya sizoni ya mwisho zimechomoza juu ya uzio, nikasimama nimeduwaa, dada anasema twende bwana mi nina shifti ya usiku.

Na hiyo shifti ndo iliyosababisha yote. Tiketi za basi la watalii alishalipia mbili, yake na yangu, kazini wakambadilishia ratiba, akasema basi nenda na mama, anaboreka humu ndani. Mama mkubwa hajawahi kuona hata dakika moja ya ile kitu. Asubuhi yake anafunga koti juu ya kitenge ananiuliza, "Baba, tunakwenda kuona nini hasa?" Nikamwambia sehemu walizoigizia sinema moja kubwa sana. "Na waigizaji wenyewe wapo?" Hawapo mama. "Majumba waliyojenga?" Mengi wameshabomoa. Akanitazama. "Sasa tunakwenda kuona nini?"

Sikuwa na jibu, tukapanda basi.

Humo ndani Wamarekani, Wahispania, wawili watatu wameshavaa majoho kabisa saa mbili asubuhi. Mwongozaji wetu mzee mmoja wa ndevu nyingi, aliwahi kuwa kwenye lile kundi la watu wa kujaza vitani kwenye ile sizoni, anasema kafa mara kadhaa na kila akifa anafufuka wiki ijayo upande wa pili. Lafudhi ya kule nzito jamani, mi mwenyewe nilikuwa nakamata nusu, lakini mama mkubwa alikaa siti ya mbele kabisa na wakaelewana nyie, sijui kwa lugha gani. Mpaka mchana yule mzee anamuita "Mama" na sisi wengine wote ni "folks" tu.

Barabara inafuata bahari, upande mmoja maji upande mwingine milima ya kijani na kondoo. Tukapita Magheramorne, machimbo ya zamani ya chokaa, ndo Castle Black, ngome ya walinzi wa kaskazini, na ule Ukuta wao wa barafu. Huingii, unaonyeshwa kwa dirishani basi linatembea. Yani Jon Snow, mmoja wa walinzi hao, kaganda pale miaka yote kumbe ni shimo la kokoto na barafu wamemalizia kwenye kompyuta. Niligeuka nyuma nikaangalia mpaka pakapotea.

Carnlough tukashuka. Kabandari kadogo, na pembeni kuna ngazi za mawe zinazoshuka majini, hizo ndo Arya alitambaa akitokea kwenye mfereji wa mji wa Braavos sizoni ya 6 baada ya kuchomwa visu tumboni. Watu wanapanga foleni kupanda zile ngazi kwa magoti wameshika tumbo wanapigwa picha. Mama mkubwa anauliza wanaumwa nini. Nikamueleza, kuna mtoto wa kike familia yake imesambaratishwa, kakimbilia ng'ambo kujifunza kuua, akataka kuacha, wakamtumia mtu. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Na mama yake yuko wapi?" Nikasema hiyo hadithi ndefu. Kosa la mtazamaji yeyote wa ile sizoni ni kudhani unaweza ukaisimulia kwa kifupi, maana kuanzia hapo sikupumzika, kila kituo namuongezea kipande na yeye anaunganisha, na vingine alikuwa anaviotea kabla sijafika, mwalimu yule.

Cushendun kuna mapango, miamba yake ina zaidi ya miaka milioni 400, ndo Melisandre, yule mchawi wa kike, alipozalia kile kivuli sizoni ya 2. Kwenye tivi pale pana giza unaogopa, ukifika ni pango la wazi mwanga unaingia, unalipita unatokea upande wa pili na huko kuna geti la nyumba ya mtu. Hiyo ya kuzaa kivuli sikumsimulia, nitaanzia wapi mbele ya mama mkubwa, nikasema hapa mchawi mmoja alifanya mambo yake. Akasema ewaa. Lakini kilichomkamata Cushendun ni sanamu ya mbuzi. Kuna mbuzi alikuwa anaitwa Johann, aliuawa wakati wa ule ugonjwa wa miguu na midomo mwaka 2001, akachongewa sanamu pale kijijini karibu na mto. Mama mkubwa alisimama pale kuliko alivyosimama pangoni. "Mbuzi. Ana jina. Na sanamu." Akamuita mzee wa ndevu amueleze tena toka mwanzo. Akataka nimpige picha na yule mbuzi, na nikiwaambia hiyo ndo picha ya kwanza aliyotuma kwenye grupu la familia muamini.

Larrybane ni machimbo ya chokaa pia, kuta nyeupe, kambi ya Renly, mmoja wa wagombea ufalme, ilikuwa pale, ndo tunamuona Brienne, yule mwanamke mpiganaji, kwa mara ya kwanza anamuangusha askari Loras. Siku ya sisi kufika palikuwa paking. Magari tu. Kuna kaka wa Kihispania alisimama katikati ya magari kainua upanga wa plastiki na ana machozi kabisa, nikasema huyu ndo mwenzangu. Kutoka hapo unatembea mpaka daraja la kamba la Carrick-a-Rede, hilo halihusiani na sizoni, wavuvi wa samoni walianza kuliweka mwaka 1755 wavukie kwenda kutega nyavu kisiwani, urefu mita 20 na chini yako mita 30 za hewa halafu maji yanachemka. Mimi nilivuka nimeshika kamba mikono yote miwili. Mama mkubwa alivuka kitenge kinapepea anaongea na mtu wa mbele yake.

Mchana tulikula kwenye baa ya njiani, na humo wana Kiti cha Chuma cha mfano, kile kiti cha enzi kinachogombewa kwenye sizoni, mapanga ya bandia mgongoni kote. Mzee wa ndevu akahadithia kwamba Malkia Elizabeth alipotembelea studio za Belfast mwaka 2014 walimuonyesha kiti chenyewe, akakiangalia, hakukikalia. Mama mkubwa akaniomba nimtafsirie vizuri hapo. Hakukalia? Hakukalia. Akanikabidhi pochi, akaenda akakaa. Akaweka kitenge sawa, mikono juu ya mapanga, na hakuinuka. Foleni nyuma yake inaongezeka, mi naona aibu namwambia mama twende watu wanasubiri, anajibu, "Waache wasubiri, ndo kazi ya kiti." Mmarekani mmoja akapiga goti. Basi lote likapiga makofi.

Ballintoy sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo palinigonga. Unashuka kibarabara cha kona kona mpaka chini, na chini kuna bandari ambayo ukitupa jiwe unavuka, kuta za mawe, ngalawa nne tano za wavuvi, yale madema ya kunasia kamba wakubwa yamepangwa ukutani, harufu ya mwani. Hii ndo Pyke. Visiwa vya Chuma vyote, Theon, mtoto wa mtawala wa huko, anarudi kwao baada ya miaka anajiona mfalme na hakuna hata mtu wa kumpokea, ni hapa. Mi niliposhuka nilitafuta bandari nyingine, nikadhani hii ni ya kupitia. Mzee akatoa simu, akafungua kipande kile cha sizoni ya 2 akakiinua mbele ya macho yetu, akatusogeza kushoto hatua mbili, akasema chuchumaa. Nikachuchumaa. Na aisee ikaja. Ule ukuta mdogo wa kiunoni ukawa gati, kibanda kikapotea, miamba ya nyuma ikapanda juu, kilichobaki ni ngome tu ambayo ile waliichora kwenye kompyuta. Unasimama, inapotea. Unachuchumaa, inarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka nikachafua suruali. Miaka yote nilidhani utamu wa ile kitu ni madragoni na hela ya HBO, kumbe kuna mtu alikuja hapa siku ya upepo akaona kibandari cha kamba, akajua akishusha kamera mpaka usawa wa goti anapata ufalme mzima. Mi napenda kuliko hata stori yenyewe, na sizoni ya 8 ilipokuja kutuangusha wengi mwaka uliofuata nilijikuta bado naangalia kamera imekaa wapi.

Mama mkubwa wakati huo alikuwa kwa wavuvi. Anauliza kamba mmoja anauzwaje.

Giant's Causeway napita haraka, kila mtu keshaona picha zake, yale mawe ya pembe pembe kama 40,000 yaliyotokana na lava. Wengi wanadhani Game of Thrones walishuti pale, hawakushuti. Mama mkubwa alivyosikia akasema ndo maana pazuri.

Mwisho ndo Dark Hedges, ile ambayo mabango yote ya utalii wameiweka. Barabara ya Bregagh, miti mikubwa ya gome la kijivu imepandwa pande zote mbili mpaka matawi yamekutana juu. Tangu mwisho wa 2017 magari wameyakataza kwa hiyo unatembea. April majani bado, matawi matupu yanajipinda, inapendeza sana ukitazama juu, ila ukitazama chini ni watu watupu, kila mmoja anamsubiri mwenzake atoke kwenye picha na hakuna anayetoka. Kwenye sizoni penyewe panaonekana sekunde chache tu, epsodi ya kwanza ya sizoni ya 2, Arya kavalishwa kama mvulana yuko kwenye mkokoteni wanakimbia mji kuelekea kaskazini. Mzee akasema januari 2016 dhoruba iliangusha miti miwili, mbao zake wakachongea milango 10 yenye picha za sizoni ya 6 wakaigawa kwenye mabaa. Akasema pia nani aliipanda, familia ya Stuart, karne ya 18, ili mgeni akiwa anakuja nyumbani kwao Gracehill akute njia imemvutia kabla hajafika mlangoni.

Hapo mama mkubwa akasimama. Akauliza, kwa hiyo hii yote ni ya kuwaonyesha wageni? Nikatafsiri, mzee akasema ndio Mama, kujionyesha tu. Tukatembea kidogo hajasema kitu, na mama mkubwa kunyamaza ni habari. Halafu akaanza kuniambia miembe ya Tabora, ile tuliyokuwa tunapigia mawe tukitoka shule, inavyosemwa iliota kwenye njia ya misafara, watu wamebebeshwa pembe na wengine wamefungwa, wanakula embe wanatupa kokwa wanaendelea kwenda wasikokujua. "Na ile nayo inakutana juu," akasema. "Ila hamna aliyewahi kushuka kwenye basi akaipiga picha." Mi nilipiga miembe ile mawe miaka saba mizima na sikuwahi kuitazama juu hata siku moja. Nikamuuliza angependa tupate picha hapa pamoja, akasema subiri yule wa joho jekundu atoke. Hakutoka. Kwenye picha yetu yupo.

Usiku basi linarudi Belfast wote wamelala yeye ananiuliza huyo Theon walimfanyaje baba yake mwisho wake.

Akarudi Tabora, na si akaenda kwa kijana wa muvi pale mtaani akamwambia amuwekee kwenye flashi ile ya bandari na miti. Mi sina habari. Siku hiyo nipo maktaba Glasgow naandika disatesheni, simu inaita, kule kwetu ni usiku mkubwa, nikajua msiba. Napokea, shikamoo mama, hajaitikia hata shikamoo.

"Baba, wamemkata kichwa."

"Nani?!"

"Yule baba wa watoto! Mstaarabu yule! Na wewe siku nzima umekaa na mimi kwenye basi unajua, umenyamaza!"

Nikatoka nje nicheke vizuri. Nikamwambia pole mama, pole sana, lala sasa, kesho uendelee, ila ukifika kwenye harusi usiwe unakula.

"Harusi ya nani?"