Nilivyofufua mtandao wa chumba cha kompyuta shuleni

Chumba cha kompyuta nilichokabidhiwa katika shule moja ya sekondari mjini Morogoro kilikuwa na kompyuta 20, swichi ya matundu 24 (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo), ruta ndogo, na kebo alizokuwa amekwisha kuzitandaza fundi aliyenitangulia. Kompyuta zilizo jirani na swichi zilipeana mafaili bila taabu, ilhali zile za mwisho wa chumba zilisuasua na kukatika. Wenzangu walilaumu bando la intaneti, ingawa mafaili hayo yalikwenda kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia swichi, humo humo ndani, bila kugusa intaneti kabisa.

Nilianza na anwani. Ruta yetu hugawa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kompyuta kwenye mtandao) zinazoanza na 192.168.1, lakini baadhi ya kompyuta za nyuma zilikuwa na anwani inayoanza na 169.254, ambayo kompyuta hujipa yenyewe inapoomba anwani na isipate jibu. Nikatandaza sakafuni kebo ndefu niliyoiamini, nikaunganisha mojawapo ya kompyuta hizo, nayo ikapata anwani sahihi papo hapo. Ruta na swichi zikawa hazina lawama. Zilibaki kebo za ukutani.

Fundi alipokuja na testa yake, taa zote 8 ziliwaka kwa mpangilio. "Mwalimu, kebo ni nzima hizi," alisema, na kwa kadiri testa inavyojua alikuwa sahihi, kwa kuwa testa ya bei nafuu huonyesha tu kwamba kila waya umefika upande wa pili. Niliipeleka plagi kwenye mwanga nikasoma rangi za nyaya zake nane, ambazo ndani ya kebo husokotwa mbilimbili kuwa jozi: jozi ya chungwa, ya kijani, ya buluu, kisha ya kahawia, zimepangwa kwa kufuatana pande zote mbili. Mpangilio huo unapendeza machoni, ila mtandao hutumia pini ya 3 na ya 6 kama jozi moja, na hapo pini hizo zilikuwa zimeangukia jozi mbili tofauti. Msokoto wa kila jozi ndio unaozuia ishara za jozi nyingine kuiingilia. Jozi ikitenganishwa, kinga hiyo hupotea, na madhara huongezeka kadiri kebo inavyorefuka.

Tulikata plagi zote, tukazibana upya kwa mpangilio wa T568B, kanuni ya kawaida ya kupanga rangi za nyaya kwenye plagi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nilisisitiza msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza kwa sababu nyaya zilizonyooshwa kwa urefu huingia kwenye plagi kwa urahisi.

Kompyuta za nyuma zikaanza kusoma megabiti 1000 kwa sekunde, isipokuwa moja iliyong'ang'ania 100, kasi ambayo huhitaji jozi mbili tu kati ya nne. Safari hii testa ilisaidia: taa ya 8 haikuwaka, kwani waya wa kahawia haukuwa umefika mwisho wa plagi.