Siku Maji Yalipopwa Mara Mbili

Mjomba wangu hakuwa na saa ya mkono. Nyumbani kwetu Likoni, aliyetaka kujua maji ya kesho alikuja barazani akamuuliza, naye alijibu bila kuinua macho kwenye wavu aliokuwa akiushona: "Kupwa saa nne na nusu, kujaa saa kumi na moja kasoro." Wanawake waendao kuokota kome, vijana wa mpira wa ufuoni, hata fundi aliyengoja bamvua ili ashushe chombo majini, wote saa yao ilikuwa yeye. Alihesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukitimu, maji huwa ya bamvua, yakapanda sana na kupwa sana. Katikati huja maji mafu, yasiyo na nguvu. Na kila siku maji huchelewa kidogo kuliko ya jana, karibu saa nzima. Mimi nilipokuwa mdogo nilipenda kuchomeka kijiti mchangani pale maji yalipoishia, nijue kama yaja au yaenda. Mjomba alikuwa akinicheka. "Kijiti ni cha mtoto," aliniambia. "Mvuvi atazama mwezi."

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa na miaka 12. Ilikuwa Mfunguo Pili wa kalenda ya Kiislamu, mwezi umetimu, na kaskazi ilivuma kwa upole, bahari imelala. Mama hakutaka niende mwambani. Alisema msichana aliyemaliza darasa la sita mahali pake ni jikoni, tena siku nyumba imejaa wageni. Mjomba akamwambia, "Dada, pweza wa bamvua hawangoji wageni," na hilo likatosha. Tukatoka watatu: mjomba, mimi, na mdogo wangu wa kiume wa miaka 8 aliyelia mpaka akachukuliwa.

Anayeijua Shelly Beach anajua jinsi inavyobadilika siku za bamvua. Maji yanapwa mpaka mwamba wote unabaki wazi, na mtu anatembea kwa miguu mahali ambapo jioni yake patakuwa na kina cha kumzidi kimo. Hapa Mombasa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Saa nne na nusu tulikuwa mbali kabisa, viatu vya plastiki miguuni, ndoo mkononi, mjomba na chuma chake kirefu kilichopindwa ncha. Alinifundisha tundu la pweza lilivyo: mlangoni pana magamba ya kome na kaa waliokwisha kuliwa, yamepangwa kama taka mbele ya nyumba ya mtu mvivu. Unaingiza chuma polepole. Pweza akikishika, utamsikia mkononi kabla ya kumwona.

Tulipata wanne, na huku tukitafuta, mjomba alikuwa akisema na mwamba kama mtu anayepita mtaa aliokulia. Hapa palikuwa na matumbawe marefu kama pembe za mbuzi. Pale tulikuwa tukivua tafi hadi ndoo ikataa. Mwaka wa 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Nino, bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe pe, na mengi yakafa. Mjomba aliyaona kwa macho yake. Alisema yalikuwa kama mifupa iliyoanikwa, kisha yakaota mwani, kisha yakaanza kukatika yenyewe. Samaki wakapungua, na waliobaki wakawa wadogo. Mchanga nao ulikuwa ukihama. Mivinje miwili aliyoizoea tangu ujana ilikuwa imeanguka, mizizi juu.

"Bahari imebadilika, mwanangu," aliniambia akiwa amechutama kwenye dimbwi. "Lakini saa zake ni zile zile. Hizo hapana awezaye kuzigusa."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi mno kuliko maneno mengine yoyote aliyowahi kuniambia.

Ilipokaribia saa sita maji yalikuwa yamekwisha kugeuka, yakirudi taratibu kupitia mifereji ya mwamba. Tukarudi ufuoni. Mjomba akakaa chini ya mvinje kupigapiga pweza kwenye jiwe, wapate kulainika. Ufuo ulikuwa umejaa kwa sababu ya sikukuu: wageni kutoka bara na suruali zilizokunjwa magotini, watoto juu ya mipira ya tairi, muuza muhogo wa kukaanga na jiko lake, pilipili na ndimu kwenye sahani. Ng'ambo ya mlango wa Kilindini, kule Lighthouse, tuliona watu wametapakaa kama mchanga wa rangi.

Karibu na saa saba mjomba aliacha kupiga pweza. Nilidhani amechoka. Alikuwa akitazama maji. Yalikuwa yamepanda upesi kidogo kuliko ilivyopasa, akasema, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea. Kisha yakasimama. Kisha yakaanza kuondoka.

Hayakupiga kelele. Nilichoweza kulinganisha nacho ni shuka inayovutwa taratibu na mtu aliye upande wa pili wa kitanda. Vidimbwi vilivyokuwa vimekwisha kufunikwa vikafunuka tena, mwani ukalala, mwamba ukatokeza mgongo uliolowa, na samaki wakabaki wakirukaruka juu ya mchanga. Watu walishangilia! Waliona ni bahati ya sikukuu. Vijana wakakimbia kuokota samaki kwa mashati, na kina mama wakawafuata na mifuko. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Kulikuwa na pweza wa tano aliyetuponyoka asubuhi, nami nililijua tundu lake.

Nilikuwa nimefika mbali niliposikia jina langu. Mjomba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata baharini aliita kwa mluzi. Siku hiyo alipiga ukelele. Nikageuka nikamwona anakuja mbio juu ya mwamba, mdogo wangu amemtia kwapani kama gunia.

"Mjomba, maji yapwa tena?" nilimuuliza.

Alitazama jua. Akatazama kivuli chake miguuni. Akatazama kule kwenye ukingo wa nje wa mwamba, ambako mawimbi hayakuonekana kuvunjika kama kawaida. Nilikuwa nangoja jibu, kwa sababu maisha yangu yote jibu lilikuwapo.

"Sijui," alisema.

Nikaogopa kuliko nilivyoweza kuogopa wimbi. Mdogo wangu akaanza kulia, na ninaamini kilichomliza ni neno lile lile.

"Sijui, na bahari nisiyoijua sikai ndani yake. Ndoo! Twende!"

Akanishika mkono. Njiani alikuwa akiwapigia kelele wote aliowapita: "Tokeni! Maji si yake haya! Tokeni!" Wengine walimcheka. Kijana mmoja alimwambia, "Mzee, waache watu wale samaki." Mjomba hakubishana naye, alimnyang'anya mtoto mdogo aliyekuwa naye akatembea naye kuelekea ufuoni, na yule kijana ikabidi amfuate akitukana. Leo kijana huyo ni mtu mzima mahali fulani, na yule mtoto pia. Natumaini wanaikumbuka siku hiyo vizuri.

Maji yalirudi tukiwa tumekwisha kukanyaga mchanga mkavu. Wengi hufikiri tuliona ukuta wa maji kama wanavyoonyesha kwenye televisheni. Hapana. Yaliinuka kama chungu cha maziwa kinapofura, yote kwa pamoja, ya rangi ya udongo, yakizunguka na kubeba mwani na malapa. Waliokuwa wangali mwambani walifikiwa kiunoni, wakaangushwa, wakakokotwa juu ya mawe, wakatoka wamechubuka magoti na mikono, wakilia na kuitana. Kwa dakika chache tu maji yalikuwa yamefika mahali yanapofika alasiri, kana kwamba bahari imeruka saa mbili tatu za siku. Halafu yakaondoka tena. Halafu yakarudi.

Yaliendelea hivyo hadi jioni, yakienda na kurudi. Mtumbwi wa mjomba, uliokuwa umefungwa karibu na mwamba, ulivutwa huku na huku mpaka kamba ikakatika, ukapigwa ubavuni na jiwe ukapasuka. Mjomba aliutazama ukipasuka akiwa amesimama nasi, mkono mmoja kwenye bega langu na mwingine kwenye bega la mdogo wangu, wala hakupiga hata hatua moja kuufuata. Watu wa usalama walikuja wakatuambia tuondoke ufuoni. Wakati huo maji ya bamvua yenyewe yalikuwa yanajaa, na kila yaliporudi yalipanda zaidi, mpaka yakaosha mizizi ya mivinje na kulichukua jiko la muuza muhogo.

Upande wetu hakufa mtu. Kenya nzima alikufa maji mtu mmoja.

Usiku huo habari zikatuambia jina la kitu chenyewe, na barazani hapana aliyeweza kulitamka. Tsunami. Wengine walisema sunami, wengine gharika. Habari zilisema mawimbi yametoka Sumatra. Mjomba aliuliza swali moja tu: "Hiyo Sumatra i wapi?" Nikaleta atlasi yangu ya shule, nikaifungua chini ya taa, nikaweka rula. Zaidi ya kilomita 6,000 za maji matupu kutoka pale mpaka kidole changu cha Mombasa. Tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari, karibu na kisiwa hicho cha Indonesia, saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakatufikia mchana wa saa saba.

Mjomba alihesabu kwa vidole. Saa tisa.

"Saa kumi alfajiri nilikuwa nainuka kutia udhu," alisema. "Kwa hiyo tangu fajiri yako njiani. Mimi nakunywa chai, yako njiani. Nawatoa watoto wa dada yangu nawapeleka mwambani, yako njiani. Na simu zipo duniani?"

Hapana aliyemjibu. Baadaye, nikiwa mkubwa, nilisoma kwamba Bahari ya Pasifiki ilikuwa na mfumo wa tahadhari kwa miongo mingi, na Bahari ya Hindi haikuwa nao. Umejengwa baada ya siku ile, baada ya watu zaidi ya 220,000 kufa. Nilisoma pia kwa nini sisi tulisalimika: nguvu kubwa ya mawimbi ilielekea Sri Lanka, Maldivi na Somalia (Somalia peke yake karibu watu 300 walikufa, wengi wao kule Hafun), kwetu yalifika yamedhoofika, na bamvua ilikuwa bado haijajaa. Lile wimbi la kwanza lingekuja saa kumi na moja jioni, juu ya maji yaliyojaa, sijui ningeandika nini leo. Haya yote niliyapeleka kwa mjomba likizo moja, nikamweleza kwa furaha ya mwanafunzi. Alinisikiliza kwa adabu. Alipomaliza kunisikiliza alisema, "Haya," akaendelea na wavu wake.

Kwa maana kilichomuumiza hakikuwa mtumbwi, wala kukosa kwake kuijua Sumatra. Matumbawe yalikufa akavumilia. Samaki walipungua, mchanga ulihama, akavumilia, kwa sababu alikuwa na kitu kimoja ambacho hakijamsaliti, naye alikitumia kuwalinda wote waliomuuliza. Na siku ile, mbele ya watoto, kikamponyoka mkononi. Mimi nilimwona wakati ule ule kilipomponyoka. Sikuwahi kumwambia kwamba neno lake lile fupi, ambalo wanaume wengi wa rika lake wasingelitoa kinywani mbele ya mtoto, ndilo lililonirudisha ufuoni. Angekuwa na kiburi kidogo tu, angesema, "Ah, ni bamvua hiyo," nami ningeendelea kulitafuta tundu la pweza wa tano.

Wale wanne hatukuwala. Mama aliwatia chumvi, wakakaa, kisha akawapa paka.

Siku mbili mjomba hakutoka barazani. Jirani alikuja kama ada, akabisha hodi, akauliza, "Maji kesho saa ngapi?" Mjomba alishona tundu mbili tatu za wavu. Halafu akamwambia aende akaangalie.

Siku ya tatu, kabla jua halijapanda, nilimkuta hayupo. Nikashuka ufuoni nikimfuata kwa nyayo zake. Alikuwa ameketi chini ya mvinje, peke yake, kofia magotini. Mbele yake, pale maji yalipoishia, alikuwa amechomeka kijiti.

Nikakaa kando yake. Tukakitazama pamoja mpaka maji yakakifika.